Mkimbiaji Asiyeweza Kusimama

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Wapo watakaosema ni kichwa cha mwanamke aliyeachwa peke yake nyumbani. Sawa, waseme. Niliyoyaona niliyaona kwa macho haya mawili, na waliokuwapo siku ile wengi wako hai. Ukifika Mwamanyili waulize. Watakugeuzia mgongo, lakini hawatakuambia kwamba nimedanganya.

Mimi ni mzaliwa wa Bariadi mjini. Nilihamia Mwamanyili baada ya kuolewa, nikafungua duka la dawa pale senta. Mume wangu, Masanja, ni dereva wa lori, na msimu wa pamba ukifika anahamia Kasoli, huku simwoni wiki nzima nzima. Mwaka yalipotokea haya daktari alinikuta na sukari. Akaniambia, "Mama, hapa ni mazoezi au sindano. Chagua." Nikanunua raba.

Basi kila jioni nikishafunga duka nilishuka kwa njia ya majaruba ya mpunga mpaka ziwani. Kama hujawahi kuliona ziwa upande ule wa Busega, nisikilize: kuna mchanga mweupe uliojikunja kama mundu, mawe makubwa yamepandana nyuma yake utadhani kuna mtu aliyapanga, na jua linazama majini mbele ya uso wako, jekundu, kubwa. Nilikuwa naanzia pale kijito kinapomwaga maji, napita mwalo wa wavuvi na harufu yake ya dagaa, nakwenda mpaka kwenye jabali linaloingia ziwani, kisha narudi. Wanawake waliokuwa wakipalilia mpunga walinicheka sana. "Mama Dawa, nani anakukimbiza?" Nami nacheka nao, naendelea.

Jioni moja nilimwona mtu anakuja mbio kutoka upande wa jabali. Nilifurahi, usinicheke. Nikasema moyoni, leo nimepata mwenzangu.

Alipokaribia nikaona si mtu wa mazoezi. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, shati limegandamana kifuani, chumvi ya jasho imemchora mistari myeupe shingoni. Mguuni alivaa katambuga, vile viatu vya matairi ya gari, na kimoja kilibaki mkanda tu. Mkono wa kulia alikuwa ameshika kamba ya ng'ombe, inaburuta nyuma yake mchangani. Kamba bila ng'ombe.

"Mwadila," nikamsalimia.

Hakuitikia. Akanipita kama upepo mbaya. Nikaendelea na safari yangu mpaka jabali, nikainama kushika magoti nivute pumzi. Mara nikasikia miguu nyuma yangu. Ni yeye. Amefika kijitoni, amegeuka, amerudi. Umbali ule mimi naukimbia nikipumzika mara mbili.

"Dada, usisimame!" akaniambia kwa sauti iliyokauka. "Ukisimama siwezi kuongea na wewe. Kimbia nami, nakuomba!"

Akageuka pale kwenye jabali kama maksai wanavyogeuka na plau mwisho wa shamba, akaanza kurudi. Wewe ungefanyaje? Mimi nilikimbia. Sijui kwa nini, lakini nilikimbia.

"Nimefungwa," akasema. "Miguu hii si yangu."

Akanieleza vipande vipande, huku kifua kinapanda na kushuka. Jina lake Mabula, kwao Kasoli. Yeye na mwenzake walikuja kuiba maksai wawili katika nyumba moja nyuma ya majaruba. Wakawaswaga mpaka pale ufukweni. Walipofika mchangani ng'ombe wale wakalala chini, wakagoma. Alipovuta kamba, kamba ikamganda mkononi, na miguu ikaondoka naye. Mwenzake kuona vile akatokomea. Asubuhi ng'ombe waliamka wenyewe wakarudi nyumbani. Yeye akabaki anakimbia, jabali mpaka kijito, kijito mpaka jabali. Hiyo ilikuwa tangu juzi usiku.

"Nenda kwa mwenye mali," akaniambia. "Aje aniambie basi. Neno hilo tu. Nitakubali kifungo, nitakubali kipigo, chochote."

"Nyumba ya nani?"

"Yule mama anayeishi peke yake. Bati jekundu."

Nilimjua. Mama Sayi, mteja wangu wa vidonge vya presha.

Tulikuwa tumefika mwalo. Wavuvi walikuwa pale wanashona nyavu zao, na nataka ujue kwamba walikuwa wanamwona. Siku mbili walikuwa wanamwona. Kila akipita waliinamisha vichwa. Mzee mmoja aliniambia bila kuinua macho, "Achana naye, Mama Dawa. Huyo ana mwenyewe."

Nilimrushia Mabula chupa yangu ya maji. Akaidaka kwa mkono wa kushoto, akanywa huku anakimbia, nusu ikamwagika kifuani. Mimi nikakata kwenda kwa Mama Sayi.

Nilimkuta uani anachambua choroko. Maksai wake wawili walikuwa zizini wanacheua, hawana habari. Nikamsalimia, nikakaa, na kabla sijafungua kinywa akasema, "Umetoka kwake. Naona mchanga kwenye viatu vyako."

"Mama, yule kijana atakufa."

"Sikumfunga afe. Nilipowawekea ng'ombe hawa kinga nilimwambia mganga, mtu asife. Achoke tu, kama nilivyochoka mimi."

Akaniambia mambo ambayo miaka yote ile ya kumuuzia dawa sikuyajua. Miaka ya nyuma wezi walichukua maksai wake wa kwanza. Bila maksai hakuna kulima, na mwanawe wa pekee, Sayi, akaona aende kwenye machimbo ya dhahabu atafute ya kununulia wengine. Huko shimo likamwangukia.

"Alikaa mpaka usiku wa tatu chini ya kifusi ndipo wakamtoa," akasema. "Walisema alikuwa anagonga. Usiku wa kwanza walimsikia, wa pili walimsikia. Nami nilikuwa nimeketi hapa hapa, sijui lolote. Huyu wako amekimbia usiku ngapi?"

"Mama..."

"Bado mmoja." Akaweka ungo chini. "Alfajiri nitakwenda. Kamba ile lazima niichukue mimi kwa mkono wangu, na neno litoke kwenye ulimi wangu, mwingine hawezi. Alfajiri njoo unishike mkono twende. Sina ubaya na mama yake. Lakini usiku huu, mwanangu, usiku huu mmoja, mwache akimbie."

Nilimbembeleza sana. Nilimtajia Mungu, nilimtajia Sayi mwenyewe. Akasikiliza yote, akarudia lile lile: alfajiri. Na macho yake yalikuwa makavu kabisa. Nikaona huyu mama akishasema hageuki, lakini pia hadanganyi.

Nikarudi ziwani giza likiingia, nikakimbia pembeni ya Mabula nikamwambia, "Kesho alfajiri atakuja. Amekubali."

Alilia. Mtu anayelia huku anakimbia umewahi kumwona? Machozi hayashuki, yanakwenda nyuma masikioni.

"Wabeja, dada," akanishukuru. "Usiku mmoja naweza."

Sikulala vizuri. Kabla jogoo wa jirani hajawika nilikuwa nimeshavaa. Nilipofika kwa Mama Sayi, mlango wa jiko ulikuwa wazi na moshi unatoka. Nikashukuru Mungu. Nikaita hodi. Nikaita tena.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, ameegemea ukuta, amejifunga kanga safi kama mtu anayekwenda kanisani. Kandambili zake zilikuwa zimepangwa mlangoni. Kando yake kulikuwa na chupa ya chai, ile ya kutunza joto, imejaa uji. Alikuwa amempikia uji. Nilimshika bega, nikamwita, nikamshika shingo mahali tunapotafuta mapigo. Joto lilikuwepo bado. Mapigo hayakuwepo.

Nikapiga yowe, majirani wakaja. Na katikati ya vilio vile akili yangu ilikuwa inasema jambo moja tu: nani atamwambia Mabula?

Hakukuwa na mwingine. Nilichukua ile chupa ya uji nikashuka. Kulikuwa kunapambazuka, ziwa limetulia kama maziwa kwenye kibuyu. Pale alipokimbia usiku kucha, mchanga ulikuwa umeshindiliwa ukawa kama barabara. Aliponiona aliangalia nyuma yangu, akitafuta mtu wa pili.

Nikaanza kukimbia naye. Nikamimina uji kwenye kifuniko, nikampa. Akanywa, ukamuunguza mdomo, akanywa hivyo hivyo.

"Nani kapika?"

"Mama Sayi."

"Mwambie ahsante. Yuko nyuma anakuja?"

Nilikimbia naye kutoka mwalo mpaka jabali. Tulipogeuka nikamwambia. Nilisema kama tunavyosema kwetu, kwamba mama ametutoka. Nadhani mwanzo hakunielewa. Kisha nikasikia pumzi yake imebadilika.

"Basi sema wewe," akasema.

"Basi," nikasema. "Basi, Mabula. Basi! Basi!" Nilisema mpaka sauti ikanikauka. Nikaikamata ile kamba nikaivuta. Ilikuwa kama kuvuta mzizi. Miguu yake haikupunguza hata hatua moja.

Akaninyooshea mkono wa kushoto. Alininyooshea tu, kama mtoto anayetaka kuvushwa barabara. Nikaushika. Ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Tukakimbia hivyo tumeshikana mikono, mimi mke wa mtu na yeye mwizi wa ng'ombe, mpaka kijitoni, na wavuvi safari hii waliinua vichwa wakatazama.

"Mwambie mayu wangu," akasema tulipoachana. "Anauza karanga Kasoli, karibu na ghala la pamba. Anaitwa Ng'wasi."

Nilimpigia Masanja. Nikamweleza kwa kifupi, nikamwambia, usiniulize maswali, mtafute mama huyo, mlete na lori sasa hivi. Masanja ni mtu mzuri. Hakuuliza.

Huku nyuma vijana wa mwalo walikuwa wameingiwa na haya, au labda ni woga kwamba mwenye neno amekufa. Mwenyekiti wa kijiji akaja, akaamuru wamkamate wampeleke hospitali. Vijana sita wenye nguvu, watu wa kuvuta makokoro, walimdaka wakamlaza chini. Miguu iliendelea. Ikachimba mchanga, ikapiga, ikapiga, mpaka tukasikia kitu kinalia gotini kama kijiti kikavu, na Mabula akapiga kelele ambayo sitaki kuielezea. Wakamwachia. Akainuka akaendelea, sasa anachechemea, lakini kwa kasi ile ile.

Mama yake alifika jua likiwa limeanza kuinama. Mwanamke mfupi, kichwani kajifunga kitambaa cha njano, mkononi bado ana kikombe cha kupimia karanga. Alikuwa amesahau kukiweka. Masanja alikuwa ameshamweleza njiani yale niliyomweleza mimi. Hakulia. Alitembea mpaka katikati ya ule mchanga, akasimama pembeni ya njia ya mwanawe. Kukimbia asingeweza, miguu yake ilikuwa imevimba. Kwa hiyo walizungumza hivi: kila akipita, neno moja moja.

"Mabula!"

"Mayu!"

Akaenda, akarudi.

"Umekula?"

"Nimekunywa uji!"

Akaenda jabalini, akarudi.

"Kwa nini, mwanangu?"

Hapo aligeuzia uso ziwani akapita. Na mama hakuuliza tena. Aliporudi, akamwambia, "Mdogo wako amejifungua! Wa kiume!"

Mabula alicheka. Amini nakuambia, alicheka, na kicheko kikaenda naye mpaka kijitoni tunakisikia. Aliporejea akauliza, "Jina?"

"Bado!"

"Wasimpe langu!"

Masanja aligeuka akatazama ziwa. Vijana wa mwalo walikuwa wamevua kofia. Walikwenda hivyo mama na mwana mpaka jua likagusa maji, wakisema mambo madogo: mbuzi fulani kazaa, jirani fulani kahama, bati la jikoni limepeperuka. Kila mara sauti ya Mabula ilikuwa imepungua. Mwishoni alikuwa anainua tu mkono wenye kamba.

Ndipo mama yake akasema kwa sauti ya chini, wala sijui kama alimsikia, "Basi, mwanangu. Basi. Imetosha."

Akapita, akaenda upande wa jabali. Hatukumwona akirudi.

Tukaenda. Alikuwa ameanguka chini ya jabali, kalala chali, macho yapo wazi na mawingu mekundu yamo ndani yake. Nilimpima mimi, maana mimi ndiye mwenye ujuzi kidogo. Hakuwa na pumzi, hakuwa na mapigo. Mabula alikuwa amekufa.

Miguu ilikuwa inaendelea.

Taratibu, kisigino kimoja, kisha kingine, vinakwangua mchanga. Nani aliona? Sote tuliona. Mama yake alivua kitambaa cha kichwani akaifunga miguu ile pamoja, kwa upole, kama unavyomfunga mtoto nepi. Kitambaa kikawa kinatikisika.

Mama Sayi tulimzika kesho yake asubuhi, na mchana ule ule tukampeleka Mabula kwao kwa lori la Masanja. Nilikaa mbele kati ya mume wangu na mama Ng'wasi. Barabara ni mbaya, lori linapiga kelele za kila namna, lakini ile sauti ya nyuma ilikuwa na mwendo wake. Ko. Ko. Ko. Ndani ya sanduku. Hakuna aliyeisema. Mama Ng'wasi aliweka kile kikombe cha karanga mapajani akawa anakizungusha.

Kule Kasoli katekista alianzisha wimbo mapema kuliko kawaida, akaimba kwa nguvu, na watu wakaelewa wakaimba kwa nguvu. Tulifukia huku tunaimba. Baadaye sauti ilikoma, au udongo ulikuwa umezidi. Mimi sikubaki kusikiliza.

Unadhani yaliishia hapo? Natamani.

Majuma machache baadaye, jioni, nilikuwa nimeketi dukani namhesabia mteja vidonge, nikasikia kitu kinagonga chini ya meza. Nikadhani ni panya. Nikainama. Ilikuwa ni miguu yangu. Miguu yangu mwenyewe, ndani ya ndala, inapanda na kushuka, na mimi siijui habari yake. Jua lilipozama ikaacha.

Tangu hapo ni kila jioni. Tumehamia Bariadi, mbali na ziwa, haikusaidia. Nimekwenda hospitali, wakapiga picha mgongo wangu, wakasema sina kitu. Nimeombewa na padri, nimeombewa na mchungaji, na usinilaumu, nimekwenda na kwa waganga. Mmoja tu alinijibu ukweli. Aliuliza, "Ulimshika mkono?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Mwenye neno yuko wapi?" Nikasema yuko kaburini, Mwamanyili. Akanirudishia kuku wangu, akaniambia niende nyumbani.

Masanja akiwepo ananishika miguu mapajani mwake mpaka giza liingie, anaongea habari za barabarani kana kwamba hakuna kitu. Asipokuwepo nafunga mlango kwa funguo, funguo nampa jirani dirishani. Maana siku moja mwezi uliopita nilishtuka nimeshafika nje ya geti.

Na nikuambie kwamba najuta kumshika mkono? Siwezi. Mtu alinyoosha mkono. Ningemwangalia tu?

Lakini wewe uliyeibiwa, wewe mwenye uchungu wa haki kabisa, hili nakuambia kwa ajili yako. Najua mahali unapokwenda kutafuta msaada. Hata mimi nimekaa kwenye vigoda hivyo hivyo. Ukimfunga mwenzako, na neno la kumfungua likawa mdomoni mwako peke yako, usilale nalo. Usiseme alfajiri. Mama Sayi alikuwa mwema, alikoka moto, akapika uji, akavaa kanga safi, na alfajiri ikamkuta amekufa. Inuka jioni hiyo hiyo, shika fimbo yako, nenda ukamwambie mtu huyo basi.